Intavali Katikati ya Gwaride

Mnanicheka kwa mambo mawili, na msidhani sijui. La kwanza, mkiwa mmejazana kwenye sofa langu mnatazama picha, mimi huingia pale penye utamu, nikabonyeza kitufe na kupaza sauti: "Intavali!" La pili, nikimsindikiza mtu mlangoni, hata awe na gari lake na ndevu zake na digrii mbili, namuuliza kama amekwenda chooni. Mnatazamana, mnaguna, halafu mnanijibu kwa Kiingereza. Kiswahili mnakielewa barabara pale tu ninapowasema kwa simu na dada yangu.

Basi leo kaeni, vijana wangu. La kwanza nilitoka nalo Bukoba. La pili nilipewa na Bwana Lou, aliyenifundisha kazi hapa Toronto, na alinipa siku yangu ya mwisho kazini, kwa sababu ya picha ya Kijerumani ambayo nusu ya watu wangependa ichomwe na nusu nyingine hawaachi kuiandikia vitabu.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine ya sinema. Siku hizi picha inaletwa ndani ya kisanduku kidogo kama cha sabuni, unachomeka, unakwenda kunywa chai. Zamani ilikuja kwenye makopo ya bati mazito ya kuvunja kiuno, na ndani yake mikanda, kila mmoja wa kama dakika ishirini. Huko juu, kwenye chumba kilicho nyuma ya watazamaji, nina mashine mbili. Mkanda ukikwisha kwenye hii, unaofuata unaanza kwenye ile, na aliyeketi chini akila bisi hatakiwi kujua kwamba kuna kilichotokea.

Utajuaje kwamba mkanda unakwisha? Kwenye kona ya juu kulia hutokea kiduara kidogo, kinakuja na kuondoka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kiduara cha kwanza, washa mashine ya pili. Cha pili, geuza. Ukipiga chafya hapo katikati, watu wanatazama pazia jeupe na kuanza kukupigia miluzi. Kwa hiyo mimi picha zote mnazozisifia nimezitazama kona. Mkiniuliza kama mke alimsamehe mume, sijui. Niulizeni kona ya juu kulia ilikuwaje, nitawaambia ilikuwa mti, au kofia, au kipande cha mbingu.

Mashine niliijulia kwa baba yangu, aliyekuwa na sinema Bukoba. Mama hakupenda. Alisema mtoto wa kike na mashine hawapatani. Baba akamjibu kwamba chumba cha mashine kina mlango na komeo, kwa hiyo ni pahali pa heshima kuliko benchi la akina mama, ambako kila Jumamosi kulivunjika uchumba wa mtu. Mama akarudi jikoni, maana wa kwake mwenyewe ulikaribia kuvunjikia palepale.

Baba alikuwa bingwa wa intavali. Kila picha, iwe ya Kihindi, iwe ya Kizungu, iwe imetengenezwa kutazamwa mfululizo, yeye aliikata katikati. Tena hakukata ovyo. Alingoja mpaka steringi, yule shujaa wa picha, ananing'inia kwenye jabali, adui anamkanyaga vidole, ndipo taa zinawaka na baba anatoa kichwa kidirishani na kuita. Watu walitoka wakipiga kelele, wakanunua kachori, karanga na senene wa kukaanga, wakagombana nje. Huyu anasema steringi atakufa, yule anasema hafi, na mzee mmoja fundi cherehani daima alisema kwamba shati lile haliwezi kuchanika namna ile, ni uongo. Wakirudi ndani hawatazami tena kwa mdomo wazi. Wanaizungumzisha picha. Wanamwonya steringi, wanamtukana adui, wanamuuliza mama mkwe kwa nini hana haya. Mwanzoni nilidhani baba anauza kachori tu. Kachori aliuza, lakini aliniambia pia kwamba si vizuri kumweka mtu gizani na kumwambia vitu muda mrefu bila kumruhusu atoke amuulize mwenzake kama ni kweli.

Nikaja na intavali hiyo Toronto. Nikapata kazi kwenye sinema ndogo, barabara ya Bathurst, mwisho wake wa kusini. Wiki ya kwanza waliniachia picha ya huzuni, mtu na mkewe wanatazamana kwenye theluji bila kusemezana. Ilipofika katikati mke akafungua mdomo, kama anayetaka hatimaye kusema neno. Nikaona hapa ndipo. Nikazima, nikawasha taa, nikaita.

Hakuna aliyeinuka. Watu walikaa wakitazama mbele kama wamepigwa picha.

Bwana Lou, aliyekuwa mkubwa wangu, alipanda ngazi mbio. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia asiyoivua hata ndani, ananukia dawa ya mafua mwaka mzima. "Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna. Ni intavali."

Akakaa kwenye ngazi na kucheka mpaka akavua kofia. Kisha akanieleza kwamba huku watu hulipa wateseke mfululizo, na kwamba kusimamisha picha ni kosa ambalo mwendesha mashine hulifanya mara moja tu. Nikashika adabu. Tangu siku ile sikusimamisha tena picha Toronto, hata siku ya moshi jikoni kwa wauza bisi.

Msidhani sikukosea mengine. Kuna siku nilivisha mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Bwana harusi akazikwa, watu wakalia vizuri, halafu akatokea kanisani akioa. Nilijificha chini ya meza nikingoja kufukuzwa. Walipotoka nikamsikia bwana mmoja mwenye skafu akiwaambia wenzake kwamba mtunzi huyu ni jasiri sana, amekataa wakati. Bwana Lou alinishika mkono nisiende kumsahihisha. "Mwache," alisema, "leo amefurahi."

Alinifundisha kusikiliza mashine badala ya kuitazama, na kupitisha ukingo wa mkanda katikati ya vidole kabla ya kuuvisha, ili kidole kipate palipoungwa vibaya. Alinifundisha pia kwamba ukilazimika kusimama, kwanza unaziba mwanga, ndipo unazima injini. Ukigeuza mpangilio, taa inaukaanga mkanda na watu wanaona uso wa steringi ukichemka.

Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ujerumani. Mamake alimpandisha treni ya watoto wa Kiyahudi waliokuwa wakikimbizwa Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kutoka huko akaja Kanada. Kijerumani hakukisema. Ukimsalimia kwacho alitazama pembeni kama hakusikia. Alipostaafu nikawa nakutana naye kwetu Thornhill, maana sinagogi lake na msikiti wetu viko barabara ileile ya Bathurst, mwisho wake wa kaskazini. Jumatano alikuja kwangu kula kachori za dengu, ambazo hazina nyama na kwa hiyo hazikumletea neno na rabi wake.

Jumatano moja nilimwambia kwamba nami nastaafu. Nikamwambia pia picha yangu ya mwisho itakuwa ipi, nikicheka, maana niliona ni kioja. Megan, binti aliyekuwa akichagua picha pale sinema, alikuwa ameamua kuonyesha picha za yule mama wa Kijerumani aliyewatengenezea sinema wale wauaji waliowamaliza Wayahudi wa Ulaya. Jina lake sitalitaja. Bwana Lou hakulitaja, nami nimeurithi ukaidi huo. Mmemsoma chuoni, mnamjua. Mama aliyeishi miaka mingi, akaenda Sudan kupiga picha za watu, akazeeka akipiga picha za samaki, na mpaka mwisho alisema yeye hakujua siasa, alikuwa akitazama uzuri tu. Ya kwangu ndiyo ile ya mkutano mkubwa: bendera, gwaride, ngoma.

Bwana Lou aliweka kachori chini.

"Nimewahi kuiona," alisema. "Nilikuwa mtoto mdogo. Msichana wa kazi alinipeleka, alitaka kumwona mchumba wake kwenye gwaride. Kulikuwa na watoto wanapiga ngoma. Kulsum, niliipenda. Sijawahi kupenda kitu namna ile. Nilirudi nyumbani napiga mfuniko wa sufuria, kushoto kulia, kushoto kulia. Mama akanizaba kofi. Hakunipiga kabla wala baada."

Nikamjazia chai.

"Nataka kuja," akasema. "Nataka kujua kama yule mtoto bado yumo humu ndani. Nina miaka themanini na kitu. Sitaki kufa naye."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitoto, picha ni picha, mimi nimeonyesha maelfu na hazijanifanya kitu, natazama kona tu.

"Na yule mama alisema vivyo hivyo," akanijibu. "Na yeye alikuwa anatazama picha tu."

Nilikasirika. Nilinuna kabisa, nikaondoa vyombo kwa kelele. Kunilinganisha na yule! Alipokuwa anavaa koti alinishika kiwiko. "Nitakaa chini ya kidirisha chako, kiti cha ukingoni. Mkono nitauweka juu ya mkono wa kiti. Ukiuona unaanza kupiga, simamisha."

"Wewe ndiye uliyenikataza kusimamisha."

"Nakuruhusu mara moja."

Hapo sasa wanaingia watu wetu, ambao sikuwaalika. Sakinabai, ambaye nyote mmekula wali wake, alisikia kwamba nastaafu. Mnamjua alivyo. Mwezi wa Muharram yeye ndiye mkuu wa jiko pale msikitini, masufuria yake mtu anaweza kuogea. Akanipigia simu.

"Kulsumbai, siku yako ya mwisho utakaa peke yako juu kama popo? Tunakuja."

"Msije. Ni picha ya Kijerumani ya zamani."

"Ina nyimbo?"

"Nyimbo zipo nyingi, lakini..."

"Basi. Nitakodi basi."

Nilijaribu kumweleza. Kumweleza Sakinabai ni sawa na kulieleza basi lenyewe. Jumapili ile mchana wakashuka mlangoni akina mama wa Thornhill na waume zao, na trei zilizofunikwa karatasi ya fedha, na chupa za chai, na keki iliyoandikwa jina langu. Mbele alikuwa Murtazabhai, mumewe Sakina, ambaye msikitini kwetu ni mkuu wa maegesho na makabati ya viatu, na ambaye hata harusini husimama mlangoni akielekeza magari ya watu asiowajua. Wanafunzi wa chuo waliokuja na madaftari yao walijisogeza. Megan alinitazama, macho yake makubwa nyuma ya miwani. "Wanajua ni picha gani?" akauliza.

"Wanajua ina nyimbo," nikasema.

Megan ni mtoto mzuri, na alikuwa amehangaika sana kuamua kama aionyeshe au asiionyeshe. Mwishowe aliamua kutosema lolote kabla yake. Aliniambia anataka picha ijieleze yenyewe.

Nikapanda juu. Nikavisha mkanda wa kwanza, nikachungulia. Bwana Lou alikuwa kwenye kiti chake cha ukingoni, kofia kichwani, mkono wake mwembamba umekaa juu ya mkono wa kiti, palepale mwanga wa mashine unapopita. Nikawasha.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutazama kona tu. Nilitazama mkono ule, na kila nikipumua kidogo nikaitazama na picha yenyewe. Wallahi ilikuwa nzuri. Nawaambia hivyo kwa sababu nanyi mtaambiwa ilikuwa mbaya, halafu mtaiona na mtashangaa. Watu walisimama kwa mistari isiyo na mwisho, bendera zilitiririka kati yao, kila uso uliwaka kama umepakwa mafuta, na mtu mmoja huko juu anazungumza na wote wanamtazama. Chini yangu hata akina mama walikuwa wamenyamaza. Sijawahi kumsikia Sakinabai akinyamaza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kisha wakaja watoto wa ngoma.

Kidole kimoja cha Bwana Lou kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena, na cha pili kikakifuata, na mara mkono mzima ulikuwa unapiga mbao za kiti pamoja na ngoma, kushoto kulia. Uso wake haukuwa na habari. Sisi mkono wa namna ile tunaujua. Mwezi wa Muharram hauulizwi, unakipiga kifua wenyewe. Lakini kwetu unamlilia mjukuu wa Mtume aliyeuawa, na pale kwenye pazia ulikuwa ukimshangilia mwenye mabavu, na mapigo yalikuwa matamu vilevile. Nilitazama kidole changu mwenyewe juu ya mashine. Nacho kilikuwa kinacheza.

Nikaziba mwanga, nikazima injini, kwa mpangilio huo. Nikawasha taa zote za ukumbi. Nikatoa kichwa kidirishani na, naapa sikupanga, ikanitoka sauti ya baba yangu ya Bukoba: "Intavaaali!"

Wanafunzi waligeuka kunitazama kana kwamba nimevua nguo. Lakini akina mama wa Thornhill, ambao wote wamekulia sinema za kwetu, wala hawakushangaa. Waliinuka kama waliokuwa wakiingoja, wakajinyoosha, trei zikafunuliwa. Megan alipofika juu alikuwa hana pumzi. "Mashine imekufa?"

"Mashine ni nzima kuliko mimi. Watu wale kidogo, halafu tutaendelea."

Akachungulia chini. Sakinabai alikuwa ameshamweka kijana mmoja mwenye daftari sahani ya karatasi magotini, anamuuliza mama yake yuko wapi na kwa nini amekonda. Megan alifumba macho, akayafumbua. "Zile za kahawia ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni kachori. Akashuka.

Nami nikashuka kwa Bwana Lou. Alikuwa ameukalia mkono wake, ameufungia chini ya paja.

"Yumo," akaniambia. "Kulsum, bado yumo."

Nilitaka kumwambia kwamba hata kidole changu kilicheza, lakini Sakinabai alishafika na trei, asijue lolote. Alimpa kachori mbili na kikombe cha chai, hivyo Bwana Lou akalazimika kuutoa mkono. Halafu Sakina akaketi kiti cha mbele yake, akageuka.

"Mimi nina swali," alisema. "Masufuria yao nimeyaona pale mwanzo. Yale ni ya watu mia mbili. Tena mia mbili wasiokula sana. Wote wale wanalishwa na nani?"

"Hawali," akasema Murtazabhai kutoka nyuma. "Ungewalisha wangesimama wima namna ile? Wangelala. Mimi nauliza, wamekuja na nini? Hakuna hata gari moja limeegeshwa. Ningepewa watu wale siku ya Ashura, ningejiuzulu."

"Na viatu," akasema mama mwingine. "Buti zote zinafanana. Atajuaje yake?"

Mazungumzo yalikuwa Kiingereza, Kiswahili na Kikachi, lugha ya mababu zetu wa Kihindi, vyote pamoja, na sijui ni kwa vipi kila mtu alielewa. Bwana Lou alikuwa anatafuna taratibu, akimtazama huyu na yule. Murtazabhai akainama kumsogelea, kama mtu mzima anayemwambia mtu mzima mwenziwe siri.

"Mzee wangu, wewe umri wako unanielewa. Choo kiko wapi? Uwanja mzima nimetafuta kwa macho. Watu wamesimama tangu asubuhi. Yule wa mstari wa pili, kushoto, mwenye masharubu, umemwona magoti yake? Anajibana yule."

Bwana Lou aliacha kutafuna. "Yupi?"

"Mkiendelea utamwona. Mtazame magoti."

Niliporudi juu nikazima taa, nikawasha mashine. Megan alikuwa ameketi katikati ya akina mama, mashavu yamejaa. Alikuwa ametaka picha ijieleze. Haya, ilijieleza, ila safari hii ilijibiwa.

Yule mkubwa wao alipoanza kupiga kelele, Sakinabai akasema, "Mpeni maji, koo litampasuka." Walipoinua mikono yote kwa pamoja, mama mmoja akauliza ni nani aliyewauliza kama wanataka wali zaidi. Bendera zilipopita, wengine walikadiria kufua na kupiga pasi. Na Murtazabhai, kila mstari mpya ukitokea, alinyoosha kidole: "Yule! Na yule pale! Wanajibana, maskini!" Kijana wa daftari ndiye aliyeanza kucheka, kisha wengine. Si kicheko cha dharau kwa waliokufa, msinielewe vibaya. Walikuwa wakiwatafuta watu ndani ya ile mistari, na kila waliyempata alikuwa na kibofu.

Watoto wa ngoma wakarudi. Nilijibandika kwenye kidirisha. Mkono wa Bwana Lou ulikuwa juu ya kiti, umeshika nusu kachori, na chatini inachuruzika mpaka kwenye mkono wa shati. Ngoma zikalia. Mkono ukatulia. Nikangoja. Ukatulia.

Halafu mzee yule akainuka. Akasimama wima kwenye mwanga wa mashine yangu, kivuli cha kofia yake kikawaangukia wale watoto kwenye pazia, na akawapigia kelele kwa Kijerumani, sauti nyembamba ya kike ambayo sijawahi kumsikia nayo. Sentensi moja. Ukumbini ni msichana mmoja tu aliyeelewa. Alicheka kwa nguvu, kisha akajiziba mdomo.

Kwa kuwa nilikuwa namtazama yeye, kiduara cha kona kilinipita. Pazia likawa jeupe. Ndivyo nilivyomaliza kazi yangu, kwa kosa la mwanagenzi, na watu wakinipigia makofi na miluzi.

Walipokuwa wanakata keki chini, Bwana Lou alipanda kwangu, ngazi moja moja, akakaa kwenye kiti chake cha zamani nami narudisha mkanda.

"Uliwaambia nini?" nikamuuliza.

"Niliwauliza kama wamekwenda chooni."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini uso wake ulikuwa mkunjufu.

"Mama yangu," akasema. "Kila tukitoka nyumbani. Tukienda sokoni, tukienda kwa shangazi. Umekwenda chooni? Siku ya treni, stesheni nzima imejaa, wenzangu mama zao wanawaambia maneno makubwa: uwe hodari, usitusahau, Mungu akulinde. Treni ikaanza. Mama yangu akakimbia sambamba na dirisha, kofia imemwanguka, akapaza sauti mbele ya watu wote: 'Umekwenda chooni?' Basi. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Sikumwona tena." Akafuta chatini kwenye shati kwa leso. "Maisha yangu yote niliona haya, Kulsum. Watu wakiniuliza alisema nini, nilikuwa natunga. Nimetunga maneno mazuri sana. Mke wangu alikufa akiamini yale ya kutunga."

Mkanda uliisha kurudi, ukawa unapiga-piga kwenye gurudumu. Niliuacha upige. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kuyafuta mbele yake.

"Na ulikuwa umekwenda?" nikamuuliza.

"Hapana!" akasema, na sasa akacheka, akavua kofia kama siku ile ya kwanza. "Nilijibana mpaka mpakani!"

Tulicheka mpaka Megan akaja kututazama. Kisha Bwana Lou akasema kwamba kwenye picha nzima ile, uzuri wote ule, hakuna aliyewauliza wale watoto swali hilo.

Alifariki msimu wa baridi uliofuata. Mpaka hapo kila Jumatano alikula kachori zake, na kila Jumatano, akishavaa koti, nilimsimamisha mlangoni na kumuuliza. Mzee mzima, jirani, nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Alinijibu kila mara kwa adabu: "Ndiyo, mama."

Kwa hiyo mkiwa kwangu na ngoma za kwenye simu zenu zikawashika, nikiona kidole kinaanza kucheza, nitaingia na kupiga kelele zangu, nanyi mtakula kachori na kuniambia aliyetengeneza picha hiyo anataka nini kwenu. Na ukiwa unaondoka kwenda kwako Mississauga, funguo mkononi, usiniambie kwa Kiingereza kwamba wewe ni mtu mzima. Hilo naliona. Nijibu nilichokuuliza.